Swali la Ami Badi Kabla ya Kunyanyua

Vijana wangu mnaoanza kazi ya winchi, sabalkheri.

Msimamizi wenu alikuja nyumbani kwangu Majengo na daftari jipya na kalamu mbili. Akaniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu usalama, kwa kuwa niliendesha winchi miaka ishirini na saba nikastaafu na viungo vyangu vyote. Alitaka niandike juu ya waya, breki na upepo. Ya kazi nitayagusa. Lakini kilichotulinda pale uwanjani zaidi ya breki ni swali moja la kipuuzi ambalo mzee mmoja alikuwa akiniuliza kila asubuhi. Na siku niliyolijibu kwa uongo, yeye ndiye aliyeumia.

Kabla ya swali lenyewe, acheni niwaambie jambo nililolificha muda wote wa kazi. Mimi ni mwoga. Naogopa kwenda juu. Hata leo nikipanda kwenye kiti kubadilisha taa, mke wangu Rukia hunishika suruali kwa nyuma.

Mtauliza mwoga wa aina hiyo alifuata nini kwenye winchi. Nilikuwa naendesha foklifti kwenye uwanja wa makontena, Shimanzi. Dereva wa winchi akaacha kazi, bosi akauliza nani yuko tayari kujifunza, na mdomo wangu ukajibu kabla sijaushauri. Nikapelekwa mafunzoni. Darasani nilifaulu vizuri sana, kwa sababu darasa lilikuwa chini.

Winchi yetu ilisimama kwa miguu minne, makontena yakipangwa katikati ya miguu hiyo, na kibanda cha dereva kilining'inia juu kabisa. Mnajua sakafu ya kile kibanda ni kioo. Mimi sikujua. Siku ya kwanza nilipanda nikisema Bismillahi kila kidato, na nilipofika nusu nikafanya kosa la kutazama chini. Miguu ikagoma. Nikaikumbatia ngazi kwa mikono miwili mpaka kutu ikanichora shati. Watu chini walidhani nakagua bolti. Mmoja akapaza sauti, "Mashallah, dereva mpya yuko makini!" Sikumsahihisha.

Nilipoketi hatimaye, nikaona kati ya viatu vyangu, mbali kule chini, helmeti moja ya manjano ikinitazama. Huyo alikuwa Ami Badi.

Ami Badi ndiye aliyekuwa mtu wa ishara. Siku zile hatukuwa na kamera na skrini kama zenu. Dereva alitumia macho yake, na mtu wa ishara alitumia mikono yake kumwongoza. Kidole cha shahada kikiwa juu na kuzunguka, maana yake nyanyua. Kikielekezwa chini na kuzunguka, teremsha. Ngumi, simama. Hakuna cha kujadili kwenye ngumi. Alikuwa mtu wa Kibokoni, mfupi, ndevu zimetiwa hina, na hakuvua kofia yake ya viua, ile ya kushonwa kwa mkono, hata kazini, kwa hiyo helmeti ilikaa juu ya kofia kama sufuria iliyokosa jiko lake. Sote tulimwita Ami, hata waliomzidi umri.

Tulikuwa na redio mbili za mkononi, kwa mazungumzo ya asubuhi tu. Yake ikakoroma.

"Athmani, wanisikia?"

"Nakusikia, Ami."

"Sabalkheri. Una n'ni leo?"

Nikatazama vifaa vyangu. "Nina breki, nina taa, kila kitu kiko sawa."

"Siulizi mashine. Nakuuliza wewe. Tangu ulipotoka kitandani mpaka hapo ulipokaa, umeona n'ni cha kukufurahisha?"

Nikaona mzee amepigwa na jua, ingawa jua lenyewe lilikuwa halijapanda. "Nimeamka mzima, alhamdulillahi."

"Hiyo ni neema, na sisi sote tumepewa. Si habari. Nipe habari."

"Sina, Ami. Nilikuwa na haraka."

Akainua ngumi. Kisha akaketi juu ya tairi kuukuu, akafungua chupa yake ya chai, na kikosi kizima kikaketi naye. Malori yaliyokuwa yakingoja yakaanza kupiga honi. Mimi niko juu, siku yangu ya kwanza, nimesimamisha uwanja mzima kwa sababu sijafurahi. Nikaogopa kufukuzwa kazi, nikaogopa zaidi ya nilivyokuwa naogopa kuanguka, na ikabidi nitazame chini nitafute chochote.

Kunguru mmoja alikuwa ameiba chapati nzima ya dereva wa lori. Chapati ilikuwa kubwa kuliko yeye. Alikuwa akiiburuta juu ya paa la lori, akiruka inamwangukia, anairudia, anatazama huku na huku kama mtu anayejifanya ni yake. Nikamweleza Ami Badi kwenye redio. Nikamwona akigeuka, akamwona kunguru, mabega yakaanza kumtikisika. Kisha kidole chake kikainuka na kuzunguka. Nilipokuwa nashusha mikono kwenye mitambo nikagundua kwamba dakika nzima nilikuwa nimetazama chini bila kushika kiti.

Basi hivyo ndivyo tulivyoanza kila siku. Masharti yake yalikuwa machache. Habari ya jana hairudiwi. Habari ya gazetini haihesabiwi, uione kwa macho yako au uisikie kwa masikio yako. Na usiseme uongo. Kama huna, sema huna, sote tutakaa tunywe chai mpaka upate. Mabosi walilalamika mwanzoni. Baadaye wakaona kikosi chetu ndicho kisichopeleka mtu hospitali, wakanyamaza, wakajifanya hawaoni.

Mimi nilidhani ni mzaha wa mzee mcheshi. Ijumaa moja baada ya sala tulikuwa tumekaa ufukweni Liwatoni, tukitazama fundi akikwangua mashua rangi, nikamwuliza alilitoa wapi swali lake. Akasita. Sikuwahi kumwona akisita.

"Kabla yako alikuweko dereva mwingine," akasema. "Hodari kukushinda wewe, usione vibaya. Haogopi kitu. Wiki moja akawa kimya. Nikimwamkia ajibu, nikimpa ishara afuata. Siku ya tano nimempa ngumi hivi, yakhe, ngumi wazi, na kontena likashuka. Likamkalia mwenzetu mguu. Baadaye nikamwuliza, kwani hukuniona? Akanambia, Badi, nilikuwa nakutazama, lakini nilikuwa sikuoni."

"Alikuwa na nini?"

"Amefiwa na nduguye bara. Hakumwambia mtu, wala sisi hatukumwuliza. Kila siku ilikuwa hujambo, sijambo, haya nyanyua." Akaifuta midomo yake. "Mtu alokiona kitu asubuhi, hata kunguru, macho yake yashafunguka. Ataniona na mimi. Asiyeona kitu, mimi simo machoni mwake, na tani ishirini ziko juu ya kichwa changu. Wewe wadhani nakuuliza kwa kupenda kucheka? Nakuuliza kwa sababu naogopa, Athmani. Kila siku naogopa."

 Nilikuwa nimefurahi kwa njia ya aibu kidogo, kujua kwamba chini ya winchi ile kulikuwa na mwoga mwenzangu.

Tangu siku ile nikaanza kutoka nyumbani mapema ili nikusanye. Nawapa ujuzi huu bure, nao utawafaa hata kama mtaacha winchi. Usitembee na vitu masikioni. Usitafute jambo kubwa. Ukitafuta kubwa utafika kazini mikono mitupu. Pita jikoni kabla ya kutoka. Pita karibu na watu wanaobishana juu ya jambo dogo. Mimi nilipata mengi kwa fundi wa viatu aliyekuwa akivigombeza viatu wakati wa kuvishona. Nilipata kwa mama aliyekuwa akikaanga mahamri, ambaye lile la kwanza kutoka kwenye mafuta hulila mwenyewe, amesimama, amefumba macho. Nilipata kwenye ukuta wa godauni la kahawa, ambapo upepo ukigeuka unanusa harufu ile bila kutarajia, halafu imekwenda. Siku za uvivu nilikuwa namtazama Rukia tu.

"Wanitazama n'ni?" aliniuliza asubuhi moja, anapepea jiko la makaa.

"Natafuta cha kumpelekea Ami Badi."

"Ushanipeleka Jumatatu. Na ile mara nilipoanguka na ndoo. Uwanja mzima wanijua mimi, na mimi sijui mtu." Lakini siku zile alianza kufanya vituko makusudi, nikijua, naye akijua kwamba najua.

Sasa msimamizi wenu asije akasema sikuandika kazi. Futa soli za viatu kabla ya kupanda, mchanga mdogo tu kwenye kidato cha chuma unaweza kukuua. Usipande na kitu mkononi. Kontena likigusa chini, vuta pumzi tatu kabla hujaliachia. Na likianza kubembea, usilivute kinyume, ukilivuta litazidi. Lifuate kule linakokwenda, likifika mwisho wake simama nalo, litatulia lenyewe. Hilo nilifundishwa na Ami Badi siku niliyokaribia kubomoa uzio wa jirani. Jirani alitoka na taulo kiunoni na povu la sabuni kichwani, na hiyo ikawa habari ya kesho yake.

Sasa nifike kwenye uongo wangu.

Ilikuwa Jumanne. Nimemaliza kusali alfajiri, Rukia akaniambia nikae. Akauchukua mkono wangu akauweka kando ya ziwa lake, karibu na kwapa. Pale ndani palikuwa na kitu kigumu, kama kokwa ya ukwaju.

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani. Nilikwenda hospitali na dada. Wamekata kipande wakapime. Majibu Alhamisi."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu wewe waogopa hata kiti, Athmani."

Nilitoka. Njia ya kwenda Shimanzi ile asubuhi siikumbuki hata leo. Nimejaribu. Nakumbuka mlango wa nyumba, nakumbuka kidato cha mwisho cha ngazi, katikati hakuna kitu. Redio ikakoroma, Ami Badi akaniuliza una n'ni leo, na jibu la haki lilikuwa dogo tu, neno moja, sina. Kikosi kingekaa, chai ingenyweka, na mzee angengoja. Lakini niliogopa kwamba nikisema sina ataniuliza kwa nini, na nikimjibu kwa sauti, kile kitu kitakuwa kweli.

"Nimeona paka," nikasema. "Amelala ndani ya karai la muuza viazi. Karai bado baridi."



"Paka wa rangi gani?"

"Mweupe."

Redio ikanyamaza muda mrefu. Kisha kidole kikainuka.

Kontena la kwanza nililiweka vizuri, na la pili. La tatu lilikuwa la kuingia kwenye nafasi nyembamba kati ya mawili, na Ami Badi alikuwa amesimama penye pembe akiangalia vipimo. Nilikuwa namtazama. Ngumi ilikuwa juu, wazi kabisa, kila mtu uwanjani aliiona. Mimi niliona mkono wangu mwenyewe ulivyokuwa alfajiri ile, pale ulipowekwa. Kontena likabembea, nikalivuta kinyume, kosa la mtoto mchanga wa kazi, nalo likarudi kwa nguvu. Ami Badi akanyoosha mkono kujikinga, na mkono ukabanwa kati ya chuma na chuma.

Nilishuka ngazi zile bila kuhesabu vidato wala kusema Bismillahi. Ndiyo mara pekee katika maisha yangu sikuogopa juu, kwa kuwa lililokuwa chini lilitisha zaidi. Walikuwa wamemlaza kwenye kivuli, mkono wake wa kulia umefungwa kwa shati la mtu, na shati limelowa. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu. Akaniita karibu kwa macho.

"Athmani. Yule paka hakuweko, ama?"

"Hakuweko, Ami."

"Nilijua. Sauti yako haikuwa na paka. Nikaona haya kukuumbua mbele ya watu, nikanyanyua kidole." Akafumba macho. "Tumekosa sote wawili."

Vidole vitatu vilikatwa. Vikabaki gumba na kile cha shahada. Mimi niliandika ukweli wote kwenye ripoti, na paka nikamwandika, ofisini wakafikiri nimechanganyikiwa. Nikasimamishwa kazi mpaka uchunguzi umalizike. Alhamisi majibu yakatoka, na yalikuwa yale tuliyoyaogopa.

Siwezi kuwaeleza nyumba yetu ilivyokuwa siku zile. Rukia alikuwa akifagia chumba kilichofagiliwa. Mimi nilikuwa nakaa ukumbini natazama miguu yangu. Nilikuwa naogopa akikohoa, naogopa akinyamaza, naogopa simu ikilia. Usiku na mchana havikuwa na tofauti kwangu, chakula hakikuwa na chumvi hata kikiwa nayo.

Asubuhi moja nikasikia, "Hodi hodi." Ami Badi alikuwa mlangoni, mkono umefungwa bendeji nyeupe, mkubwa kama mkate wa mofa. Ametembea kutoka Kibokoni. Nikataka kumbusu mkono, akanipa wa kushoto. Akaketi.

"Una n'ni leo?"

Hasira ilinipanda, nami si mtu wa hasira. "Ami, kwa heshima yako. Mke wangu ni mgonjwa. Wewe huna vidole kwa sababu yangu. Na leo wataka nifurahi?"

"Sikukwambia ufurahi. Nimekuuliza umeona n'ni."

"Sina."

Akainua ngumi, ya kushoto. Akaegemea ukuta, akangoja. Nikakaa. Tulikaa hivyo mpaka chai iliyokuwa mbele yetu ikafanya utando. Halafu sauti ikatoka chumbani.

"Ami Badi, mimi ninacho."

"Sema, mwanangu."

"Mume wangu jana amenifulia. Hajawahi kufua tangu tuoane. Kanga zangu zote nyeupe amezichanganya na kikoi chake chekundu. Kesho nakwenda kulazwa nikiwa na rangi ya sharubati kutoka kichwani mpaka miguuni. Madaktari watadhani nimekuja harusini." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, na Ami Badi akacheka, na mimi nikalia. Nililia kwa sauti, mbele ya mgeni, na sikuona haya.

Ami Badi akanyoosha mkono ule wa bendeji juu, akauzungusha mara moja. Kisha akanywa chai yenye utando akaondoka.

Alikuja kila siku mpaka niliporudishwa kazini. Hospitali wakakata walichokata, wakampa dawa zilizomtoa nywele na kucha. Kuna siku Rukia alijibu swali kwa sauti ambayo sharti uiname kuisikia: kijua kimefika kwenye mto wake, au muuguzi amevaa viatu tofauti kulia na kushoto. Na kuna siku alisema sina, basi tukakaa. Sisemi furaha ndiyo iliyomponya. Aliyemponya ni Mungu, na madaktari wakawa sababu. Ninachojua ni kwamba tulikuwa na hofu kila saa, na bado zile siku nazikumbuka zote, moja moja, na ile njia ya Jumanne siikumbuki.

Ami Badi hakurudi kwenye ishara. Walimpa kazi ya lango mpaka akastaafu. Mtu wa ishara aliyenijia chini ya winchi baadaye nilimfundisha swali, na yeye akamfundisha aliyemfuata. Halafu kamera zikaja na watu wa ishara wakapungua. Msimamizi wenu anasema siku hizi mnaanza kwa kubonyeza kitufe cha kijani. Kamera zenu ni nzuri, sizilaumu. Lakini kamera haijui kama wewe umefiwa.

Tulipostaafu tukahamia kwenye simu. Kila siku baada ya alfajiri, ama ananipigia ama nampigia. Una n'ni leo. Miaka yote hiyo. Na kila siku, kabla hajapokea, ule mlio wa pili na wa tatu, moyo wangu ulikuwa unapanda ngazi.

Mwezi uliopita simu ililia ikalia. Alikuwa amepigwa na kiharusi. Anaishi kwa bintiye, ghorofani, huko huko Kibokoni, Mji wa Kale, kitanda kando ya dirisha. Anasikia na anaelewa. Kusema hawezi tena. Kwa hiyo sasa nakwenda mwenyewe kila asubuhi. Nikikata kona ya mtaa wake natazama kwanza kama kuna viti vimepangwa nje na wanaume wa kanzu wamesimama. Nikiona hakuna, napanda. Najiuliza swali mwenyewe kwa niaba yake, namwambia nilichokiona, na katika vidole viwili vilivyobaki, kimoja kinainuka na kuzunguka.

Jana nilitoka hospitali na Rukia. Hupimwa kila baada ya miezi sita, na safari hii daktari aliitazama picha muda mrefu kuliko kawaida. Akasema kuna kivuli mahali, huenda si kitu, wapime zaidi. Leo asubuhi nilitembea kutoka Majengo mpaka Kibokoni na sikuona chochote. Nikiwa kwenye ngazi za nyumba ya Ami Badi nikajikuta natunga. Mtaniamini? Nilikuwa natunga paka. Mweusi safari hii.

Nikaketi kando ya kitanda. Akanitazama.

"Sina, Ami," nikasema. "Rukia ameonekana na kivuli. Leo sina."

Gumba na kidole cha shahada vikakunjana. Ngumi ya vidole viwili. Simama.

Basi nikakaa.  Bintiye akaleta chai akatuacha. Tulikaa muda mrefu.

Ng'ambo ya kichochoro, nyumba zile zimekaribiana kiasi cha kupeana chumvi, dirisha likafunguka. Bi Zuhura, jirani, akateremsha kikapu kwa kamba kwa muuza mahamri aliyekuwa chini. Kamba ndefu, kikapu chepesi, na mwenyewe ana haraka. Kikaanza kubembea. Kikagonga ukuta, kikarudi, kikapiga kofia ya mtu aliyekuwa akipita. Bi Zuhura akakivuta kinyume. Kikazidi.

"We Zuhura, wataka mahamri ama wataka kuua watu?" muuzaji akapaza sauti.

Nikaona mkono wa Ami Badi ukisogea juu ya shuka. Ngumi ikafunguka. Kidole kikaelekea chini, kikazunguka, polepole, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye nafasi nyembamba. Nikasimama dirishani haraka.

"Bi Zuhura! Usikivute! Kifuate kinakokwenda, halafu usimame nacho!"

"Kwani wewe n'nani wa kunifunza kikapu changu?"

"Dereva wa winchi!"

"Haya, dereva, nimekifuata. Enhe?"

Kikatulia. Kikashuka mikononi mwa muuzaji, mahamri yakaingia, moto bado, harufu ikatufikia juu. Bi Zuhura akanitazama mimi, mimi nikamtazama Ami Badi. Nusu moja ya uso wake ilikuwa ikicheka.

"Ninacho, Ami," nikasema, lakini kidole kilikuwa kishainuka kabla sijamaliza.

Hayo ndiyo ninayoyajua kuhusu usalama, vijana wangu. Majibu ya Rukia yatatoka Jumatatu. Naogopa, naogopa sana. Kesho nitatoka nyumbani mapema.